Wakwe Waliopitishwa Jikoni

Saa moja kasorobo asubuhi, manyunyu hayajakoma. Nyaguthii Warui anashuka basi kwenye kituo kisicho hata na kibanda, anavuka barabara na kushika njia ya changarawe yenye miti mirefu pande zote mbili. Mwisho wa njia hiyo kuna jumba jeupe lenye nguzo nne mbele.

Wenzake walioshuka naye wanakata kulia. Wanazunguka nyuma ya jumba, kwenye mapipa ya taka na mlango mdogo wa kijani. Nyaguthii hakati kulia. Anapanda ngazi za mbele, anapita katikati ya nguzo, anabonyeza kengele na kusimama, mkoba mkononi.

Hakuna anayefungua. Anabonyeza tena. Kupitia dirisha la pembeni anaonekana meneja akipita na kikombe cha kahawa. Anamwona, anamwashiria kwa kidole gumba azunguke nyuma, kisha anaenda zake.

"Paka ndiye anaingia na door ya kitchen," anasema Nyaguthii akijifuta mvua usoni. "Mimi si paka. Nitabonyeza hii bell mpaka iharibike, na ikiharibika nitapiga hodi."

Leo anafunguliwa baada ya robo saa, kwa sababu bibi harusi mmoja yuko njiani na vyoo havijasafishwa. Haja ya choo imemfungulia mlango ambao adabu imeshindwa kuufungua. Anajipangusa viatu kwenye zulia, anaingia, anaanza kazi.

Nyaguthii ana miaka hamsini na minne. Ni mzaliwa wa Mukurwe-ini, Nyeri, na anaishi Wheaton, Maryland, katika nyumba ya kupanga nyuma ya duka moja kubwa. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa msafishaji mkuu wa jumba hili, lililo mwendo wa nusu saa kwa gari kaskazini ya Wheaton. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa, na saa zenyewe hutegemea harusi.

Jumba linaitwa Gervynė. Ni jina la Kilituania linalotokana na ndege korongo, na Wakenya wa Wheaton, ambao ulimi haukubali jina hilo, hupaita tu kwa Walituania. Lituania ni nchi ndogo ya Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki. Jumba la Maryland ni nakala ya jumba la shambani lililokuwa huko, la ukoo wa mabwana wenye ardhi. Paa lake limekunjwa mara mbili, jinsi majumba ya kule yalivyoezekwa ili theluji iteleze. Kuta ni nene kiasi kwamba ukifunga dirisha husikii hata gari linaloingia uani. Ndani kuna jiko la kupashia nyumba joto, limejengwa kwa vigae vyeupe kutoka sakafuni hadi darini. Juu ya paa kuna gurudumu la mkokoteni lililolazwa ili korongo wajenge kiota. Korongo wa Lituania hawajawahi kuvuka bahari kuja kulikalia, ila tai wa mizoga hutua hapo mara kwa mara, na Nyaguthii huwafukuza kwa mopu.

Jumba la asili lilijengwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita na wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana. Walimlimia siku kadhaa kila wiki bila ujira, wala hawakuruhusiwa kuhama. Desturi hiyo ilifutwa mwaka 1861, lakini wajukuu wao waliendelea kupika, kufua na kukamua ng'ombe palepale. Walilipwa kwa nafaka, viazi na ruhusa ya kulisha ng'ombe mmoja. Wote hao waliingia kwa mlango wa nyuma.

Sasa hapa ndipo hasira ya makala haya inapoanzia, na mwandishi haoni sababu ya kuificha.

Miaka minne iliyopita chama cha Walituania kinachomiliki jumba kilizidiwa na gharama za paa, kikalikodisha kwa kampuni ya kuandaa sherehe. Kampuni ikaweka meneja, Bw. Dale Whitcomb, na meneja akaleta wazo. Wateja wangeuziwa "maisha ya kibwana". Wafanyakazi wangevaa aproni ndefu za kitani na kofia nyeupe za kitambaa, ati ndivyo watumishi wa kule walivyovaa. Na wangeingia na kutoka kwa mlango wa kijani wa nyuma, wasionekane mbele kamwe, ili historia isivurugwe.

Wafanyakazi wenyewe ni Wakenya, Watanzania, mama mmoja Mkongomani na Wasalvador wawili. Watumishi wanaigizwa na wao kila siku ya Mungu. Mabwana hawaigizwi na mtu, kwa kuwa hao ni wageni waliolipa.

Na hapa ni Maryland, jimbo ambalo watu weusi walitumikishwa kama watumwa. Mtu hahitaji shahada ya historia kujua nani alipita mlango gani katika majumba makubwa ya jimbo hili. Kwamba mwanadamu wa leo alikaa ofisini na kahawa yake akaona hilo ni pambo zuri la biashara, ni jambo la kuchefua.

"Zamani, wakati wa Walituania wenyewe, sisi sote tulikuwa tunapita mbele," anasema Nyaguthii. "Hata mtu wa kuleta gas alikuwa anapita mbele. Halafu hawa wakakuja, wakasema staff wote wa-use ile ya nyuma. Nilinyamaza. Nilikuwa nalipa college ya Mumbi. Ukiwa na mtoto college, unanyamaza vitu mingi."

Mumbi ni binti yake wa pekee. Alikuja Marekani akiwa mdogo, sasa ni muuguzi. Kiswahili anakisikia chote, akijibu anajibu kwa Kiingereza. Mwaka jana alimpata Clement, kijana wa Kikuyu kutoka Baltimore, fundi wa umeme, na wazee wakaanza kuzungumza habari ya ruracio, sherehe ya wakwe kuja kuleta mahari.

Nyaguthii hakuwaza mara mbili kuhusu mahali. "Nimeosha hiyo sebule eleven years," anasema. "Nikasema siku moja, siku moja tu, nitasimama ndani yake kama mwenye nyumba."

Akakodi jumba kwa Jumamosi moja ya Machi. Meneja akakubali kwamba siku hiyo yeye na wageni wake wapite mbele, maana siku hiyo ni mteja. Wafanyakazi wa zamu wangebaki na mlango wao wa kijani.

Kwa msomaji asiyetoka upande wa Mlima Kenya, ni vyema aelezwe jambo moja. Kwenye ruracio wakwe hawaingii tu. Wanafika, wanakuta lango limefungwa. Akina mama wa kwao binti wako ndani wakiimba: nyinyi ni nani, mnatoka wapi, mnataka nini kwetu? Akina mama wa kwao kijana wanajibu kwa nyimbo, wanasifu, wanabembeleza, wanataniwa, wanatania. Hakuna anayeharakishwa. Kadiri wanavyosimamishwa nje ndivyo binti anavyoonekana ana thamani, na kule kusimamishwa ni heshima kwa pande zote mbili. Mpaka mlango ufunguliwe na wenye nyumba, wageni hawajafika.

Siku hiyo lango lilikuwa mlango wa mbele wa Gervynė. Ndani, nyuma ya mlango, walijipanga shangazi za Mumbi na Nyaguthii mwenyewe. Nje, chini ya ngazi, walisimama watu wa Clement kama thelathini, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Kimani, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa. Mvua ya baridi ikaanza kunyunya. Nyimbo zikapamba moto.

Jikoni alikuwako Silvanus Rwegasira.

Silvanus ni mtu wa Bukoba, Tanzania, ana miaka arobaini na mmoja, na ni mwosha vyombo. Ameajiriwa hapo miaka mitatu, yaani baada ya amri ya mlango wa nyuma. Habari za ruracio hakuzijua. Alitoka kutupa taka, akachungulia pembeni ya jumba, akaona wazee wamesimama kwenye mvua, mmoja ana fimbo, wanatetemeka, na mlango mbele yao umefungwa huku ndani watu wanaimba.

"Mimi nikasema, jamani, hawa ndugu zetu Wakenya wamenogewa na nyimbo, wamesahau wageni nje," anasimulia Silvanus, na uso bado unamshuka. "Kwetu mgeni akilowa mlangoni kwako, unaona aibu wiki nzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo? Nikataka kwenda kuwafungulia mbele, lakini mbele siruhusiwi. Mimi mlango ninaoujua pale ni mmoja."

Basi akaufungua huo. Akawaendea wazee, akainama, akasema: "Shikamooni wazee wangu. Poleni na baridi. Karibuni ndani."

Mzee Kimani anakumbuka neno kwa neno. "Shikamoo! Mimi nilikuwa sijaamkiwa hivyo tangu nitoke Kenya. Nikajua huyu ametumwa na wenye nyumba. Mtu akikuamkia hivyo, unamwambia nini? Unamfuata. Na watu wangu wakanifuata."

Wakafuata. Wakapita kwenye mapipa ya taka. Wakapita mashine ya kuosha vyombo, magunia ya vitunguu na ndoo yenye maji machafu ya deki. Mama aliyebeba zawadi kwenye kiondo, kikapu cha kusuka, aliteleza kwenye sabuni, akadakwa. Silvanus aliwatangulia akiwashikia milango, amefurahi kwamba ameokoa sherehe ya watu.

Wakatokea sebuleni, nyuma ya wenyeji. Akina mama wa kwao Mumbi walikuwa bado wameelekea mlango wa mbele, migongo imegeuzwa, wakiimba kwa nguvu zao zote kuuliza ni nani aliye nje, na nje hakukuwa na mtu.

"Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu," anasema Nyaguthii. "Nageuka, naona wakwe wangu wamesimama ndani. Viatu zimelowa. Mmoja ana ganda ya kitunguu kwa sleeve. Wimbo ukakufa hivyo. Nilitaka sakafu inimeze."

Mzee Kimani akavua kofia, akaitazama sebule, akautazama mlango wa mbele ambao bado ulikuwa umefungwa. Akasema kwa upole, na upole huo ndio uliowachoma zaidi: "Tunashukuru kwa joto. Lakini sisi hatujafika."

Hawakuonja hata chai. Wakatoka, wakapanda magari yao, wakarudi Baltimore. Keki ilibaki mezani na jina la Mumbi na la Clement juu yake.

"Mum, so are we engaged or not?" Mumbi alimuuliza mama yake jioni ile.

"Nikamwambia, Mumbi, wakwe hawajafika. Na hawajafika ni hawajafika," anasema Nyaguthii.

Mtu anaweza kucheka. Hata Nyaguthii hucheka siku hizi akifika kwenye ganda la kitunguu. Lakini kwa msichana aliyekwisha kununua gauni, na kwa mama aliyemlea peke yake tangu baba yake afe, hakukuwa na cha kuchekesha. Wajumbe walitumwa Baltimore kuomba radhi. Clement mwenyewe alimsihi baba yake mkubwa. Mzee alijibu kwamba hana kinyongo na mtu, ila neno lake ni moja: watarudi kupokewa kwenye nyumba ileile, kwa mlango uleule waliosimamishwa. Wakiingia penginepo, itabaki kwamba ukoo wao ulipokewa jikoni.

Mwandishi alimuuliza kama haoni hilo ni gumu mno kwa vijana wanaopendana.

"Baba yangu alimpikia mzungu huko Naivasha miaka ishirini," akasema. "Alijua kupika vitu ambavyo mimi sijui majina yake. Siku aliyougua, mama alienda kumwona, akaambiwa azunguke nyuma. Baba alikufa bila kujua mlango wa mbele wa ile nyumba unafananaje ukiwa ndani. Sasa mimi nipeleke mtoto wetu kuoa nikipitia kwa mapipa? Hapana. Hiyo imepita."

Na kampuni je? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kampuni ilizuia amana aliyoiweka Nyaguthii kwa sababu wageni wake "walizurura jikoni kinyume cha kanuni za usafi". Silvanus akasimamishwa kazi wiki mbili bila mshahara kwa kosa la kuwaingiza. Nyaguthii alipoomba tarehe nyingine akaambiwa hawezi kupewa, kwa kuwa kuimba mlangoni kulileta usumbufu. Amri ni yao, mlango ni wao, na aliyetozwa ni aliyedhalilishwa.

Wapo waliomlaumu Silvanus, tena kwa maneno makali. Kwenye kundi la simu la Wakenya wa eneo hili aliitwa majina. Nyaguthii aliwakatiza wote.

"Silva aliona wazee wanalowa akawaonea huruma. Kosa lake ni gani? Nani alimfunza kwamba kuna door moja tu? Huyo ndiye mnafaa kumuuliza."

Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi ya Machi alikwenda kazini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne hakukata kulia. Alibonyeza kengele. Mpaka tunakwenda mitamboni, katikati ya Mei, bado anaibonyeza kila asubuhi. Ameshapewa onyo moja. Anajua la pili litafuatwa na nini.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuwa anajua lolote kati ya haya. Ni Bi. Aldona Šimkutė, mwenye miaka themanini na minane, anayeishi katika nyumba ya wazee huko Silver Spring. Nyaguthii, ambaye humwita Cucu, yaani bibi, humpelekea mandazi kila mwezi. Aprili alimpelekea mandazi na habari.

Aldona ndiye pekee aliye hai kati ya waliobeba matofali ya Gervynė. Aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Kampuni humwalika mara moja kwa mwaka, humpokea mbele kwa maua na kumpiga picha. Mlango wa kijani hakuwahi kuambiwa.

Aliyoyasema baada ya hapo, mbele ya Nyaguthii na baadaye mbele ya mwandishi huyu, yanapaswa kubandikwa kwenye kila nguzo ya jumba lile.

Waliojenga Gervynė ya Maryland hawakuwa mabwana. Mabwana walikwenda kwingine na dhahabu zao. Waliojenga ni wajukuu wa wapishi, wafuaji na wakamuaji, waliokimbia vita mwaka 1944, wakakaa kambini Ujerumani, wakafika Marekani miaka mitano baadaye bila kitu. Baba yake Aldona alikuwa mwashi Baltimore. Yeye na wenzake walinunua shamba lililochakaa, wakajenga Jumamosi na Jumapili kwa miaka minne, bila ramani yoyote. Walijenga kwa kukumbuka.

"Upande wa mbele walikuwa wameutazama maisha yao yote kutoka kwenye miti," anasema Aldona. "Kwa hiyo mbele ni sahihi hadi ufa wa nguzo ya tatu. Na jikoni ni sahihi. Nenda kaangalie: dohani unaweza kusimama ndani yake, rafu ya mikate iko kwenye kimo cha bibi yangu. Lakini sebule? Ha! Nani kati yao aliwahi kuiona sebule? Waliibuni. Walibishana mwezi mzima dari liweje, mwisho wakaliacha tupu."

Kijitabu cha kampuni kinaiita sebule hiyo "nakala halisi ya maisha ya kibwana". Wateja hupigwa picha chini ya dari tupu ambalo liko tupu kwa sababu mpishi hakuruhusiwa kuinua macho na kuliona.

Bibi yake Aldona alipika katika jumba la Lituania miaka thelathini. Miaka ya tisini Aldona alirudi kuliangalia. Serikali ya Kisovieti ilikuwa imelifanya ghala la mbolea, na paa lilishaanguka. Alikuta zimesimama nguzo mbili na dohani la jikoni.

Anakumbuka pia siku Gervynė ya Maryland ilipofunguliwa, mwaka 1962. Wajenzi walikubaliana kwamba wa kwanza kuingia wawe akina mama wazee waliowahi kuwa watumishi kule, mmojammoja, kwa mlango wa mbele. Bendi ilikuwa inasubiri. Mama mmoja alifika kwenye kizingiti akagoma. Miguu ilikataa. Akageuka, akaanza kuzunguka jumba kutafuta mlango wa nyuma kwa mazoea, na baba yake Aldona ikabidi amfuate, amshike mkono na kumrudisha huku wote wawili wakilia.

"Mlango wa nyuma tuliujenga kwa sababu ulikuwepo," anasema Aldona. "Lakini hapakupita mtu. Palipita kuni. Baba alisema: katika nyumba hii, kuni peke yake ndizo zitapita nyuma. Na sasa unaniambia wanampitisha Nyaguthii?"

Alipiga meza kwa kiganja. Mandazi yakaruka.

Mwandishi alimtafuta Bw. Whitcomb. Alikubali kuzungumza kwa dakika chache, sebuleni, akiwa amesimama. Alisema amri ya mlango inawahusu wafanyakazi wote bila ubaguzi na kwamba ni sehemu ya kuheshimu urithi wa nyumba. Alipoulizwa kama anajua nani aliyeijenga, alisema anaamini ilikuwa familia ya kibwana. Alipoelezwa, alisema hiyo ni habari ya kuvutia sana na huenda wakaiingiza kwenye ziara ya wageni.

Yaani na hilo nalo litauzwa.

Mwanzoni mwa Mei, Aldona aliomba apelekwe Wheaton. Kwenye sebule ndogo ya Nyaguthii alikutanishwa na Mzee Kimani, aliyekuja kwa gari la Clement. Walinyweshwa chai ya maziwa. Mzee akaeleza habari ya baba yake wa Naivasha, Aldona akaeleza ya bibi yake, Mumbi akawa mkalimani, na safari hii hakujibu kwa Kiingereza tu, alitafsiri pande zote mbili, akikwama hapa na pale. Walipomaliza, Aldona alimuuliza mzee baba yake alikuwa hodari wa kupika nini. Mzee akasema mkate. Aldona akasema hata bibi yake.

Kisha akatoa alilokuja nalo. Katika mkataba wa kukodisha, chama cha Walituania kilijibakizia siku chache za sikukuu zake, ambazo kampuni haina sauti juu yazo. Mojawapo ni Jumamosi ya mwisho wa Juni, wanapoadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Kamati ya chama ilishakubali. Siku hiyo wanampa Nyaguthii, nyumba nzima, na nyimbo za mlangoni ziimbwe mpaka watu wakauke koo.

"Tutasimama nje," alisema Mzee Kimani, "hata kama mvua itanyesha ya mawe."

Kuhusu amri yenyewe ya mlango wa nyuma, kamati imeahidi kuizungumza na kampuni. Ahadi si mlango. Wakati haya yanaandikwa, wafanyakazi wa Gervynė bado wanapita kwenye mapipa, kofia nyeupe kichwani, katika nyumba iliyojengwa na watu walioapa jambo hilo halitatokea tena.

Nyaguthii ana mipango yake. Anataka Mumbi aolewe, hilo la kwanza. Anataka arudi kazini Jumatatu baada ya sherehe, abonyeze kengele kama kawaida, na siku moja akute mlango uko wazi bila kubonyeza. Wakimfukuza, anasema, wamfukuzie mbele.

Na ameamua ni nani atakayewafungulia wakwe. Kwa desturi hufungua akina mama wa kwao binti. Shangazi walipinga, akawaambia amemaliza kusema. Anamwambia mhusika jioni hii, baada ya kazi, wakiwa wamesimama kituoni wakisubiri basi, mbele ya mwandishi.

"Silva, siku hiyo hauoshi vyombo. Utavaa suti. Sisi tukimaliza kuimba, wewe ndio utafungua."

Silvanus anacheka, akidhani ni utani wa Wakenya. Anamtazama Nyaguthii, anaona hacheki. Naye anaacha kucheka. Anageuka kulitazama jumba, na nguzo zake nne zinaonekana vizuri kutoka hapa barabarani, na kati ya nguzo ule mlango. Miaka mitatu amefanya kazi ndani ya nyumba hiyo.

"Dada, samahani," anauliza kwa sauti ndogo. "Ule mlango hufungukia ndani au nje?"